Gharika Iliyopanda Mlima

Sehemu ya kumi na moja

Mpira wa maji ulikuwa bado mikononi mwake. Msomaji wangu, wiki nzima umemwacha mtoto wa watu amesimama juani mbele ya ghala la Bwana Urithi, mabega yanamwuma, nawe umekula, umeoga na umelala. Haya, turudi tukampokee.

Kama ndiyo kwanza unalifungua gazeti hili, sikia kwa ufupi, sitarudia. Mpima maji ni mwanamke wa makamo anayesoma kipimo cha ziwa bandarini kila asubuhi, kazi aliyoirithi kwa marehemu baba yake. Anaishi na shangazi yake katika Nyumba ya Kipimo, hatua chache kutoka majini. Sasa barabara mpya ya bandari inakuja, na lazima ibomoe kimoja kati ya viwili: nyumba hiyo, au ghala la Bwana Urithi, mwenyekiti wa Kamati ya Kumbukumbu za Mji. Jengo lililo kwenye orodha ya kumbukumbu haliguswi. Orodha ina nafasi saba, sita zimejaa, na ya saba ndiyo inayogombewa. Atakayeikosa, Jumatatu tingatinga litambishia hodi.

Hizo sita zenyewe usiniulize. Kuna mnara wa saa ambao saa yake ilikufa kabla mwenyekiti hajaota meno, na kamati hupenda kukutana chini yake, kisha wote wanachelewa. Kuna winchi ya mvuke ambayo leo haiwezi kunyanyua hata kuku. Halafu kuna nyumba ya forodha, mnara wa taa, ngazi za mawe na gati la zamani. Hivyo vinne vina heshima yake, na kamati imevipachika vibao vya shaba kana kwamba ilivijenga yenyewe.

Sharti la kuingia kwenye orodha ni moja: jengo liwe lilisimama kabla ya gharika kuu. Makaratasi ya mji yaliozea forodhani katika gharika hiyohiyo, kwa hiyo ushahidi uliobaki uko ukutani. Ni ule mstari wa rangi ya chai ambao maji yaliuacha yaliposhuka. Wenye mstari wakipaka chokaa huupisha ili uonekane, na wasio nao hupita wakiukodolea macho.

Ghala la Bwana Urithi lina mstari, umelizunguka kama mkanda wa suruali; mwenyewe husema ulifichwa na lipu ya zamani, na fundi wa lipu mpya akaupisha. Wiki jana, mbele ya wageni na injinia wa barabara, mwenye kalamu ya kuijaza nafasi ya saba, mpima maji alisema mstari ule ni wa uongo. Bwana Urithi akala yamini kwamba ukithibitika uongo, atakibandua kwa mikono yake mwenyewe kibao cha shaba alichokwisha kuliandalia ghala. Ukithibitika kweli, shangazi mtu atoe vyombo vyake nje kabla ya Jumatatu. Hapo ndipo tulipoishia.

Mpira wa maji, ule mwembamba wa kuona ndani ambao mafundi hupimia usawa, haushikwi na mtu mmoja. Una ncha mbili, na kila ncha inataka mkono wake. Mpima maji aliomba mtu wa kumshikia, akawatazama wanakamati mmoja baada ya mwingine. Katibu akaanza kukohoa. Mjumbe wa pembeni akakumbuka kufunga kamba za viatu. Walikuwa wanaume kumi na mmoja waliovaa suti kwenye jua la saa sita, na hakupatikana hata mmoja wa kushika mpira wenye lita mbili za maji.

Kaka yake alikuwapo. Alisimama juu ya ngazi fupi kando ya kibao kilichofunikwa kitambaa, misumari mdomoni, kwani yeye ndiye fundi mwashi aliyeitwa kukigongelea. Mpima maji hakumwomba. Ilikuwa miezi minane hawasemezani, tangu kaka huyo akubali kulipiga lipu ghala la mtu aliyeiita nyumba yao kibanda cha kuanikia nyavu. Siku hiyo alimwambia kaka yake kuwa ameliuza jina la baba kwa ndoo ya chokaa. Toka hapo kila akienda sokoni alizunguka njia ya nyuma, asiuone mtaa ule wala mtu aliyeufanyia kazi. Hata shemeji yake alipojifungua hakwenda kumwona mtoto.

Aliyejitosa ni shangazi. Ana miaka sabini na miwili na kiuno kibovu, lakini alipasua watu kwa bega akapita, akamwambia katibu asogee asije akailowesha suti ya watu.

Kazi ikaanza. Mpima maji alishika ncha moja kwenye kona ya chini ya ghala, upande wa ziwani, maji yakilingana na mstari. Shangazi akapanda na ncha ya pili mpaka kona ya juu, hatua arobaini, maana mtaa ule unapanda kutoka bandarini. Maji kwenye mpira yakacheza kidogo, yakatulia. Kila fundi anajua kwamba maji yakitulia yanalingana kwenye ncha zote mbili, hata ukiweka mlima katikati.

Shangazi alitazama mstari, akatazama maji, akatangaza kwa sauti ya kuitia watoto chakula kwamba huku juu vitu hivyo viwili havijuani. Mstari uko kifuani pake. Maji yako huku chini kabisa. Katikati panalala mkono wake mzima, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole.

Watu wakaanza kusogea kuona wenyewe. Ni ajabu, wengi wao walikuwa wamepita pale kila siku. Ukipita kando ya ukuta, mstari unakukuta kifuani, ukipanda unaendelea kukukuta kifuani, nawe unaona sawa. Hakuna aliyejiuliza maji yalijuaje kupanda na mtaa.

"Pale chini uko usawa wa kifua, na huku juu uko usawa wa kifua," mpima maji alisema. "Mwenyekiti, gharika ilipofika kwako iliota miguu?"

Wachuuzi wa samaki walicheka mpaka mmoja akakalia ndoo yake. Mpima maji naye alikuwa akitabasamu, na tabasamu lenyewe halikuwa zuri. Alikuwa amelingoja muda mrefu, sasa alilivaa kama nguo mpya.

Bwana Urithi hakutikisika. Mwongo mzoefu haendi shughulini na uongo mmoja, hubeba na wa akiba. Kwa ile sauti anayoitumia kuwazungusha wageni mjini, alieleza kuwa majengo makongwe hutitia. Upande wa ziwani udongo ni laini. Kona ya chini imeshuka kwa miaka, nao mstari ukashuka nayo. Alisikitika kwamba mtu wa kusoma namba za maji asingeweza kujua mambo ya ardhi, akasema hamlaumu.

Kamati ikapiga makofi. Injinia, mtu mkimya mwenye kofia ya plastiki na karatasi zilizokunjwa mfukoni, alitikisa kichwa kukubali kwamba jambo hilo linawezekana. Tayari katibu alikuwa ameshika kitambaa cha kibao kwa vidole viwili, tayari kukivuta.

Jasho lilimtoka mpima maji. Hilo hakuwa amelifikiria. Alijiona mjinga mbele ya mji mzima, na juu ya ujinga akawaza masanduku ya shangazi yakitolewa nje moja moja. Akainua macho juu ya ukuta ili asiwatazame watu, na macho yakaangukia madirisha.

Alihitaji ngazi, na ngazi ilikuwa moja tu. Alikwenda mpaka miguuni pa kaka yake akasimama, bila kutamka neno. Kaka akashuka, akaibeba mwenyewe, akaisimamisha chini ya dirisha la kwanza na kuishikilia isiteleze. Hawakutazamana. Kule juu, ambako dirisha la mwisho liko karibu na ardhi, mpima maji alimwomba injinia mwenyewe ashike ncha ya pili, na injinia akavua kofia akaishika ncha hiyo.

Maji yakatulia. Yalilala sawasawa na kizingiti cha dirisha la kwanza, na yakalala sawasawa na kizingiti cha dirisha la mwisho. Hapakupungua hata unene wa ukucha.

"Jengo likititia, linatitia na madirisha yake," mpima maji alisema kutoka juu ya ngazi. "Ama yenyewe uliyaambia yabaki?"

Sasa hata wajumbe wawili wa kamati walicheka, kisha wakakumbuka wako upande gani wakanyamaza. Injinia alishuka mpaka karibu na ngazi, akatoa karatasi zake akaanza kuzikunjua. Bwana Urithi akawaomba watu subira ya dakika moja, akaja mpaka chini ya ngazi kama mtu anayekuja kutoa mkono wa pongezi. Alisema polepole, meno yakiwa bado yanawachekea wageni.

"Binti, mstari wa uongo una mchoraji wake. Aliyelipiga lipu ghala hili ndiye huyo anayekushikia ngazi. Mimi nitasema sikujua, nami wataniamini. Yeye nani atamwamini? Kughushi kumbukumbu ya mji ni kifungo." Akapangusa paji la uso. "Sema mpira umeingia hewa. Ukiingia hewa unadanganya, kila mtu anajua. Kaka yako atalala kwake leo."

Kaka alisikia yote, maana alikuwa hatua moja tu. Misumari ilikuwa bado mdomoni.

Msomaji, hapa ndipo penye mtihani. Mwanamke huyu alikuwa na dharau ya kutosha mji mzima. Aliidharau kamati, aliwadharau wageni wanaopigwa picha na winchi, na aliyemdharau kuliko wote alikuwa huyu aliyemshikia ngazi. Sasa aliona utosi wake kutoka juu, nywele zimeingia vumbi la saruji na mvi mbili tatu ambazo mwaka jana hazikuwapo, na akagundua kuwa anampenda. Nyumba ni mawe. Kaka ni mmoja tu.

Alifungua mdomo. Alisema kwamba mpira huu, akiutazama vizuri, anaona kama una...

Kaka alitema misumari kiganjani.

"Hauna hewa," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kona ya juu. "Nimeutazama ulipopita mbele yangu. Mstari nimeuchora mimi."

Yeye aliendelea taratibu, kama fundi anayemweleza mwenye nyumba kilichoharibika. Alisema mwenyekiti alimwita ndani, akafunga mlango, akamwambia amchoree gharika kwa majani ya chai na kutu. Alikataa. Mwenyekiti akamwambia haina shida, kesho atampata fundi mwingine atakayeichora vizuri zaidi.

"Nikaona bora niichore mimi, vibaya," kaka alisema. "Nilipima kwa rula kutoka ardhini, hatua kwa hatua, nikaipandisha na mtaa. Fundi aliyefunzwa na baba yetu hawezi kukosea hivyo hata usingizini. Nilijua yuko mtu mmoja katika mji huu ambaye akipita mara moja tu ataiona." Hapo akainua uso. "Hukupita."

Mpima maji alishuka kwenye ngazi. Miezi minane aliambiwa jambo kwa herufi kubwa kuliko nyumba, naye alizunguka njia ya nyuma akibinua midomo. Alimshika kaka yake mkono wenye misumari, ikamchoma, hakuuachia.

Injinia hakuwa mtu wa hotuba. Alipiga mstari mmoja juu ya jina la ghala, akasema suala la nani alimwamuru nani litakwenda linakohusika, na kwamba yeye amewasikia wote wawili pale chini ya ngazi, mwenyekiti na fundi. Kisha akamkumbusha mwenyekiti yamini yake. Basi mji ukapata burudani ya bure: Bwana Urithi akivuta kibao kwa mikono yake, tai imemwangukia begani, na kitambaa kilipodondoka watu wakasoma kwamba ghala lilijengwa na babu yake aliyekuwa shujaa wa maji. Hata katibu alitazama pembeni.

Wengine hapo wangekwenda nyumbani kulala. Lakini la kuvunda halina ubani, na Bwana Urithi hakuwa na cha kupoteza tena. Alikikumbatia kibao chake kifuani akasema kwa utulivu kwamba sasa wamemsikia fundi: ukoo huu unajua kuchora gharika. Je, ukuta wa Nyumba ya Kipimo ulipigwa lipu na nani? Ama mkuki ni kwa nguruwe tu?

Injinia alifikiri, akasema hoja ni ya haki. Kwenye nguzo ya mawe ya gati la zamani kuna msumari wa chuma, uliopigiliwa na wenye bandari mwaka uleule wa gharika kuonyesha maji yalipofika. Hakuna anayeutilia shaka. Kutoka hapo mpaka Nyumba ya Kipimo ni hatua thelathini. Mstari wa nyumba upimwe na msumari huo, halafu mpima maji, kwa kuwa makaratasi hayapo, ale kiapo kwamba nyumba ilisimama kabla ya gharika. Atasaini, nafasi ya saba itakuwa yao, na Jumatatu tingatinga litakwenda kwa mwenyekiti.

Mpima maji alikubali kabla injinia hajamaliza. Alimwambia Bwana Urithi aje na kamati yake yote, tena atembee mbele ili apate nafasi nzuri ya kuona. Akaukunja mpira begani, na umati ukateremka bandarini nyuma yake kama unakwenda harusini.

Shangazi alitembea ubavuni pake. Mpima maji alimwambia kwamba leo baba, huko aliko, anacheka. Shangazi akajibu kwamba asiwe na wasiwasi, maji yatakaa sawa. Mpima maji akashangaa, akauliza wasiwasi wa nini.

Shangazi alitazama kama kuna mtu karibu. Kamati ilikuwa mbele mbali, na umati ulikuwa nyuma na kelele zake.

"Nyumba ile babu yako aliijenga mwaka wa tatu baada ya gharika," alisema. "Mstari aliuchora baba yako, hujazaliwa bado. Bandarini hawakuwa wakimpa kazi ya kipimo mtu wa nyumba isiyo na mstari. Aliuchora kwa mpira, kutoka kwenye msumari wa gati. Mimi ndiye niliyemshikia ncha ya pili."

Mpima maji hakusimama, miguu iliendelea kwa kuwa mtaa unateremka. Baba yule! Aliyemfundisha kwamba maji hayasemi uongo, na aliyemchapa siku moja kwa kuandika namba bila kuisoma. Kazi yake, mshahara wake, jina ambalo alimtuhumu kaka yake kuliuza, vyote vimening'inia kwenye mstari wa chai. Aligeuka amtafute kaka. Alikuwa akija nyuma, ngazi begani, na kwa jinsi alivyoinamisha macho mpima maji alijua kwamba na kaka anajua.

Basi wakapima. Kaka alishika ncha kwenye msumari, mpima maji akashika ncha ukutani pa nyumba yao, na maji yakachelewa kutulia. Yalipotulia, yalilala juu ya mstari kama yamezaliwa hapo. Walirudia kwenye kona ya pili, yakawa yaleyale. Marehemu alikuwa fundi kweli.

Umati ulishangilia. Wachuuzi wa samaki walipiga ndoo zao. Bwana Urithi alikuwa amenywea, kibao kimemwelemea, suti imelowa mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze alifanana na mtu yeyote. Mpima maji alimtazama akatafuta ile dharau yake ya kule ghalani. Haikuwapo. Aliona mtu aliyechoresha mstari ukutani, basi.

Shangazi alikuwa ameketi kizingitini pa nyumba alimozaliwa, mikono imepakatwa mapajani, anatazama ziwa. Injinia aliweka karatasi juu ya pipa, akaandika nambari saba, akatoa wino wa muhuri. Akamwambia mpima maji kwamba amebakiza neno lake tu, alitamke mbele ya watu: nyumba hii ilisimama kabla ya gharika, ndiyo au hapana.

Kaka akaweka ngazi chini.

"Injinia," mpima maji alisema, "andika."

Injinia akainamia pipa, kalamu ikagusa karatasi, akamwuliza aandike nini. Hilo, msomaji, utalisoma wiki ijayo.